Mvua za Mwisho Zisipite Bure: Bustani ya Mboga Ufipa Masika Yanapoisha

Aprili ikifika katikati, mvua ya Ufipa hubadili mwendo. Haiji tena kila alasiri kama ilivyokuwa Januari. Hupiga leo, ikaruka siku tatu, ikarudi usiku mmoja kwa nguvu, kisha anga ya upande wa milima ya Mbizi ikabaki nyeupe wiki nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Rukwa, mkoa wetu, katika kundi la mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Wenzetu wa Arusha na Bukoba wana vuli ya kuwaokoa. Huku kwetu mvua ikishakatika, udongo haupati tone la maana mpaka Novemba nyingine.

Tena si maji tu yanayoondoka. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya ubavuni mwa Mbizi viko juu kuliko hapo. Kipupwe kikikaza, Juni na Julai, joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na mabondeni huwa chini zaidi. Kwa hiyo mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba anapata mabadiliko mawili kwa mpigo: udongo unakauka na usiku unapoa. Wengi hulikumbuka lile la kwanza peke yake, na hulikumbuka Juni, majani yakishaanza kulala mchana. Hapo wamechelewa. Bustani ya kiangazi hutengenezwa mvua ingali inanyesha. Mwezi wake ni Aprili, na Mei ni wa kumalizia. Mche uliokita mizizi kwa mvua ya mwisho huhitaji maji kidogo kuliko mche uliopandwa kwenye vumbi, na tofauti hiyo utaibeba kichwani, ndoo kwa ndoo, miezi yote inayofuata.

Cha kung'oa na cha kuacha

Anza kwa kuipita bustani yote na kuamua kila mmea unakwenda wapi. Mchicha ndio wa kwanza kuaga. Ni mboga ya joto. Unausia Januari na baada ya wiki nne unachuma, lakini ukiusia Mei utaota kwa kusuasua, utatoa majani madogo na utachanua kabla haujafika magotini. Bamia na kunde ni hivyo hivyo. Matembele nayo husimama tu, hayakui, lakini usiyang'oe yote. Hamishia marando machache penye unyevu wa kudumu, karibu na bafu au chini ya mgomba, ili Novemba uwe na mbegu yako mwenyewe badala ya kuzunguka kwa majirani kuomba.

Mchicha utakaouacha uwe ule wa mbegu, na hapa ningependa watu wawe wachaguzi zaidi. Mara nyingi kinachoachwa ni kile kilichochanua mapema, kwa sababu kimeshakuwa kigumu na hakiliki. Ukifanya hivyo kila mwaka, unajichagulia mchicha wa kuchanua haraka. Acha mashina matano au sita yenye majani mapana, yaliyochelewa kuchanua kuliko yote, na uyafunge kitambaa ili mtu asije akayachuma kwa bahati mbaya. Yakishaanza kukauka, shika suke moja ulisugulie kiganjani. Zikidondoka mbegu nyeusi zinazong'aa, kata asubuhi kabla upepo haujaamka, laza masuke kwenye gunia safi, mbegu zikauke kivulini siku kadhaa, kisha zipige na kuzipepeta. Ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Chupa moja ya soda inatosha kusia bustani ya nyumba kadhaa.

Majani ya maboga yatakuwa mengi kuliko mnavyoweza kula, na wiki hizi ndizo za kuyakausha. Menya nyuzi za vikonyo kama kawaida, osha, chemsha kwa dakika mbili tu kwenye maji yenye chumvi kidogo, kamua, kisha tandaza safu nyembamba juu ya mkeka au chandarua safi. Kausha kivulini penye hewa, si juani. Jua kali hula rangi ya kijani na vitamini pamoja nayo. Yakishakuwa makavu kiasi cha kuvunjika yakishikwa, yafungie kwenye chombo kisichoingiza hewa. Oktoba, mboga zikiwa adimu sokoni na fungu limekonda, yaloweke, uyapike kwa karanga iliyopondwa. Majani ya kunde na ya mchicha nayo hukaushwa hivyo hivyo. Maboga yenyewe yavune kikonyo kikishakauka, na kibaki kwenye boga, maana likikatwa bila kikonyo huanza kuoza pale pale. Yapange juu ya mbao au majani makavu, yasikae sakafuni.

Nyanya zilizopitia mvua za Machi huwa zimeshapigwa na ukungu, yale mabaka ya rangi ya kahawia yanayoanzia kwenye majani ya chini na kupanda hadi kwenye matunda. Usizibembeleze. Zing'oe zote pamoja na matunda yaliyooza, uzifukie mbali au uzichome zikikauka, na usizitupe kwenye shimo la mboji. Usikimbilie kupanda nyingine mahali pale pale, na usiweke hapo viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, kwa kuwa ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa. Nyanya mpya zingoje. Usiku ukiwa baridi, maua yake hupukutika bila kushika tunda. Kitalu cha nyanya kisiwe kabla ya mwisho wa Juni, ili upandikize Agosti joto linaporudi.

Zinazobaki zikiwa na furaha ni mnafu, figiri na sukuma wiki. Sukuma iliyopandwa Desemba na sasa imekuwa ndefu kama fimbo inaweza kukatwa juu, ikaachiwa vichipukizi viwili vya chini, ikawekewa samadi. Itakupa majani mapya wakati unangoja miche michanga.

Nyasi na maganda ni mali

Aprili uwanda mzima umejaa nyasi zilizokomaa, na Mei mpaka Juni maharage yakivunwa kila ua una lundo la maganda. Kwingi huchomwa. Ni hasara ambayo Wafipa wa zamani wasingeikubali. Kilimo chao cha asili ni cha intumba, matuta ya mviringo yanayofunika nyasi: nyasi zinalimwa zingali mbichi na udongo ungali na maji, zinakusanywa, zinafunikwa kwa udongo, zinaozea humo ndani. Juu ya tuta hupandwa maharage au zao jingine, na msimu unaofuata tuta husambazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Wamatengo wa Mbinga wana akili ya jamaa na hiyo katika ngoro zao za milimani. Katika nchi isiyo na miti mingi wala majani ya kuanguka, nyasi ndizo mbolea, na mwisho wa masika ndio wakati zinakuwa nyingi, laini, na udongo una unyevu wa kuziozesha.

Bustani ya nyumbani inaweza kutumia akili hiyo hiyo kwa umbo linalofaa kiangazi. Wakati wa mvua matuta yako yalikuwa ya kuinuka ili maji yasituame. Sasa unataka kinyume chake: tuta la kuzama. Pima upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na urefu wa mita 5 au unaoweza. Toa udongo wa juu, ule mweusi, uweke pembeni. Chimba hadi chini ya goti. Jaza nyasi mbichi na maganda ya maharage, kanyaga, weka samadi iliyoiva, rudia tabaka, kisha rudisha udongo mweusi juu. Uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa upana wa viganja viwili, na kingo zake ziwe zimeshindiliwa. Acha mvua mbili tatu za mwisho ziingie humo. Nyasi zilizo chini hunywa maji kama sifongo na kuyaachia polepole mizizi ikishuka kuyafuata.

Angalizo moja kuhusu samadi. Iliyoiva haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kutambua nyasi alizokula ng'ombe. Isiyoiva huunguza miche, huleta magugu, na huvuta sota, wale viwavi wa kijivu wanaokata mche shingoni usiku na kujikunja ardhini mchana. Kama samadi yako ni mbichi, iloweke kwenye pipa uitumie kama mbolea ya maji baadaye, ikiwa imechanganywa na maji mengi. Majivu ya jikoni nayo ni mazuri kwa udongo wenye uchachu, lakini yawe konzi moja au mbili kwa mita ya mraba, na yasimwagwe pamoja na samadi siku moja kwa kuwa yanaipotezea nguvu.

Jua limehamia kaskazini

Hili watu hulisahau, na linaweza kukuharibia bustani nzima bila ugonjwa wala mdudu. Sumbawanga iko takribani nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana liko juu yetu, limeinamia kusini kidogo. Juni limekwenda kaskazini, na saa sita mchana bado limeinama upande huo. Nyumba yenye ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 2 upande wa kusini, katikati ya mchana kabisa. Asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka. Kwa hiyo lile tuta la nyuma ya jiko lililokuwa likipata jua zuri Januari linaweza kuwa kivulini msimu mzima wa baridi, udongo wake haupati joto, na mboga zake hazikui wala hazifi.

Toka nje siku yenye jua, saa tano na saa tisa, uone vivuli vinaangukia wapi, ukikumbuka kwamba hadi mwishoni mwa Juni vitazidi kusogea kusini. Matuta ya kipupwe yawe upande wa kaskazini wa nyumba, wa uzio na wa miti. Ukuta wenyewe utakusaidia: hunyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Mahali hapo, karibu na ukuta, ndipo pa pilipili na mashina mawili matatu ya nyanya yasiyo na ukungu ambayo huna moyo wa kuyang'oa.

Upande wa pili wa hesabu ni upepo. Mei hadi Agosti upepo mkavu huvuma kutoka kusini-mashariki, na uwandani hapa hakuna kitu cha kuuzuia. Unakausha jani kuliko jua. Weka uzio wa matete au mabua ya mahindi upande huo, urefu wa mtu mzima, uliofumwa kwa namna ya kupitisha hewa kidogo. Ukuta usiopitisha kitu huufanya upepo uruke na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, juu ya mboga zako. Uzio unaovuja huupunguza nguvu.

Na kama bustani yako iko bondeni karibu na maji, jua kwamba hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kujikusanya huko. Hatuko Makete, ambako umande huganda na kuunguza viazi, lakini tofauti kati ya mteremko na bonde utaisikia miguuni ukishuka alfajiri. Bondeni weka kabichi, karoti, njegere na vitunguu. Vinavyoogopa baridi vibaki juu.

Kitalu cha Aprili

Sasa mboga zenyewe. Kabichi ndiyo mfalme wa kipupwe cha Ufipa, na siri yake yote iko kwenye tarehe. Ukisia nusu ya kwanza ya Aprili, miche inakuwa tayari baada ya wiki nne hadi sita, udongo ungali na unyevu wa mvua za mwisho. Inajifunga katika baridi, wakati inapopenda, na unakata vichwa kuanzia Agosti. Aina za siku nyingi kama Copenhagen Market na Drumhead zinatosha kwa nyumba. Chotara kama Gloria hutoa vichwa vinavyolingana, ila hudai chakula zaidi. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na uangalie tarehe. Mbegu za kupimwa kwa kijiko, zisizo na pakiti, hazikuambii umri wake, na mbegu ya kitunguu hasa ikipita mwaka mmoja huota kwa bahati.

Kitalu kiwe na upana wa mita 1, kimeinuliwa kiganja kimoja kwa sababu mvua bado ipo, udongo umesagwa laini. Chora mistari yenye kina cha nusu kidole, iachane kiganja kimoja, na mbegu zisirundikane. Miche iliyobanana hupatwa na kinyausi: shingo inakuwa nyembamba kama uzi, mche unaanguka, na wiki moja baadaye una mabaka matupu kitaluni. Dawa ya kinyausi ni nafasi, hewa, na kumwagilia asubuhi badala ya jioni. Weka kichanja cha nyasi juu ya kitalu kwa siku za mwanzo, kisha kipunguze taratibu. Wiki ya mwisho kiondoe kabisa na upunguze maji, mche ukomae na kuzoea jua.

Pandikiza jioni, siku yenye mawingu ikipatikana. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa mche na bonge lake la udongo, na uuzike hadi chini ya majani ya kwanza. Kabichi iachane sentimita 45 kwa 60. Sukuma ni hivyo hivyo. Chainizi sentimita 30 tu, nayo ndiyo ya kuwatuliza wenye njaa, kwa kuwa inachumika wiki ya tano au ya sita. Isie kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya tuta zima siku moja, la sivyo utakuwa na chainizi ya kugawa Juni na huna hata jani Julai. Kuzuia sota, viringisha kipande cha karatasi ngumu au jani kavu la mgomba kuzunguka shingo ya kila mche, nusu ardhini nusu juu. Ukikuta mche umekatwa asubuhi, fukua pale pale kwa kidole. Mhalifu yuko hapo.

Vitunguu maji visiwe vya kufikiriwa Juni. Mche wake hukaa kitaluni wiki sita hadi nane mpaka unene kama penseli, kwa hiyo ukisia mwanzoni mwa Aprili unapandikiza mwishoni mwa Mei, na vinakomaa kwenye ukavu wa Septemba na Oktoba. Ukavu huo ndio unaovifanya vikae ghalani bila kuoza. Bombay Red na Red Creole ndizo mbegu zinazojulikana zaidi. Nafasi ni sentimita 10 kwa 15. Kitunguu saumu hupandwa moja kwa moja, punje kubwa za nje, ncha juu, kina cha vidole viwili, Aprili au Mei mwanzoni. Saumu inahitaji baridi ili igawanyike punje, na baridi tunayo bure. Ni zao ambalo kila nyumba ya Ufipa ingeweza kujitosheleza, na bado tunaliona sokoni limesafiri.

Karoti haipandikizwi. Iweke kwenye tuta lililopata samadi msimu uliopita, kwa maana kwenye samadi mpya mzizi hugawanyika kama vidole. Inaota taratibu, wiki mbili, na kwenye baridi hata tatu, na kwa siku zote hizo udongo wa juu usikauke hata mara moja. Funika mistari kwa gunia lililoloweshwa, uwe unachungulia kila asubuhi, na siku utakayoona nyuzi za kijani liondoe jioni hiyo hiyo. Zikifika urefu wa kidole, punguza mpaka ziachane sentimita 5. Inauma kung'oa kilichoota, lakini bila hivyo utavuna mizizi ya kuchokonolea meno. Njegere zisie Mei, mbegu kwa mbegu, na uzichomekee vijiti mapema. Majani yake machanga nayo ni mboga.

Hesabu ndoo kabla ya matuta

Katika kipupwe tuta la kuzama la mita 1 kwa mita 5 lenye matandazo linakunywa takribani ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Matuta manne ni ndoo nne, kila siku, kuanzia Juni. Septemba jua likikaza hesabu inapanda. Kabla hujachimba tuta la tano, jiulize ndoo ya tano itabebwa na nani na kutoka wapi. Katika nyumba nyingi jibu ni mama na binti zake, na kisima cha kiangazi kina foleni. Ningependa kuona nyumba yenye matuta mawili yenye kijani hadi Oktoba kuliko yenye sita yaliyokufa Julai.

Ndoo mbili kila baada ya siku moja ni bora kuliko ndoo moja kila siku. Maji mengi kwa pamoja hushuka, mizizi huyafuata chini. Maji kidogo ya kila siku huishia juu na kupanda hewani. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili: kikitoka na udongo ulioshikamana, subiri kesho. Mwagilia asubuhi jua likishachomoza, kwenye shina, si juu ya majani, ili jani lisilale na maji kwenye baridi. Maji yaliyooshea mchele, mboga na vyombo visivyo na sabuni nyingi yote yaende bustanini. Wekeni pipa karibu na jiko na watoto wazoee kuyamwaga humo.

Matandazo ni nusu ya umwagiliaji. Tandaza maganda ya maharage au nyasi kavu unene wa kiganja, lakini yakae mbali kidogo na shina, na yainue mara moja kwa wiki uangalie mchwa. Tuta la kaskazini mwa ukuta, lile la pilipili na nyanya, liache wazi Juni na Julai ili udongo unase joto, ulifunike Agosti. Na kwa kuwa Julai kuendelea moto wa nyika huwa unatembea uwandani, fyeka njia pana kuzunguka bustani. Matandazo makavu hayangoji cheche ya pili.

Wapo wanaoona njia rahisi ni kuifuata mboga majini, kulima ukingoni mwa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Vijito vinavyotoka Mbizi ndivyo maji ya kunywa ya watu wengi. Tuta likichimbwa ukingoni, mvua ya Novemba hulibeba lote na kulipeleka mtoni. Beba maji hadi kwenye mboga, mboga zisipelekwe kwenye maji.

Wageni wa ukame

Mvua ikiisha, ukungu unapungua na wadudu wanachukua zamu. Vidukari ndio wa kwanza, wamejaa chini ya jani la kabichi na sukuma kama unga wa kijivu. Geuza majani kila unapochuma. Wakiwa wachache wabonyeze kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza maji yenye sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, jioni, ukilenga chini ya jani, na urudie baada ya siku tano. Viwavi wa nondo wa kabichi hutoboa jani na kubakiza utando mwembamba kama dirisha. Hao waokote kabla hawajaingia kwenye moyo wa kabichi, kwa sababu wakishaingia hakuna dawa inayowafikia. Kwa nyanya za Agosti adui ni kantangaze, kiwavi wa nyanya aliyefika nchini 2014: ukiona njia nyeupe ndani ya jani, chuma jani hilo siku hiyo hiyo ulichome. Bustani ya nyumbani ni ndogo, macho yanatosha kuilinda, na mboga ambayo mtoto ataila jioni sioni sababu ya kuipiga sumu asubuhi.

Mgeni mkubwa kuliko wote ana miguu minne. Mahindi yakishavunwa, Juni na Julai, ng'ombe na mbuzi hufunguliwa kula mabua, na mtaa mzima unageuka malisho. Wakati huo kitu pekee cha kijani wanachokiona ni kabichi yako. Uzio uwe umekamilika kabla ya mavuno ya mahindi, si baada ya hasara. Ukitumia mabua kama uzio, mbuzi atakula uzio kwanza, kwa hiyo weka miiba au matete upande wa nje. Na ikiwa wewe ndiye mwenye mbuzi, ndugu yangu, wafunge. Ugomvi mwingi wa majirani wa majira haya huanzia kwenye sukuma.

Kama unasoma haya Aprili na bado unasikia mvua batini, nunua mbegu za kabichi na vitunguu kesho, usie wiki hii. Kama ni Mei, chukua miche kwa jirani aliyewahi, chimba tuta moja tu la kuzama, na ulijaze nyasi kabla udongo haujawa mgumu kwa jembe.